Dawa za kuongeza kwenye oili ya gari ya zamani: ipi inasaidia na ipi inakula hela yako bure

Watu wanaoendesha gari zenye umri, zile Corolla 110, Spacio, Premio, Noah za zamani, wananiuliza hili swali karibu kila wakati. Gari imeanza kula oili, au asubuhi injini inalia kidogo, mtu anaenda Gerezani, kule Dar kwenye maduka ya spea, kununua filta, muuzaji anatoa na kichupa anakiweka kaunta, "bosi weka na hii, injini itatulia." Sasa je uweke au usiweke?

Mimi nasema hivi, nyingi ya hizo dawa hazistahili hela yako. Ipo aina moja nimeiona kwa macho yangu ikisaidia, na hiyo nayo inatibu tatizo moja tu. Ila kabla hujanunua yoyote inabidi ujue oili yako inaenda wapi, maana watu wengi wanaruka hapo kwenye kujua wanakimbilia dawa, na hapo ndipo injini nyingi nzuri zinakufa kabla ya wakati wake.

Kwanza tuelewane kuhusu oili yenyewe. Galoni unayonunua haina mafuta matupu, tayari ndani kuna kemikali kibao. Kuna za kusafisha masizi, kuna za kushika uchafu uelee mpaka siku ya kumwaga oili usigande kwenye injini, kuna za kuzuia povu, kuna polima zinazofanya oili isiwe maji injini ikichemka, na kuna ile ya zinki na fosforasi inayoitwa ZDDP ambayo inajenga utando mwembamba kwenye kamu, ule mhimili unaofungua valvu, ili chuma kisisagane na chuma. Watengenezaji wamezipima zote zikiwa pamoja kwenye injini za majaribio ndio oili ikapewa zile herufi za API, taasisi ya Marekani ya viwango vya oili, unazoziona nyuma ya galoni, SL ilianza 2001, SN ikaja 2010, SP 2020. Zile herufi ni za oili kama ilivyo ndani ya galoni, ukishamimina kitu kingine hakuna aliyekupimia huo mchanganyiko wako.

Na sio kitu kidogo unachomimina. Chukua injini ya 1ZZ ya Premio, inaingia kama lita 3.7 pamoja na filta. Kichupa kina kama mililita 400. Yaani kama asilimia 10 ya kilichomo ndani ya injini sasa ni hiyo dawa. Halafu wengine wanajaza oili mpaka alama ya juu ya stiki ya kupimia oili ndio wanaongeza kichupa juu yake, oili inazidi, krenkishafti, ule mhimili mkubwa unaozunguka chini ya injini, inaipiga inakuwa povu, na pampu haiwezi kusukuma povu vizuri, kwa hiyo unaharibu kilekile ulichotaka kukilinda. Na usidhani ZDDP ikizidi ndio ulinzi unazidi, fosforasi ikiungua inaenda kuua masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, ndio maana kuanzia 2004 viwango vya oili nyepesi kama 5W-30 viliweka ukomo wa fosforasi asilimia 0.08. Walipunguza makusudi, wewe unairudisha kwa kichupa.

Haya, tuje kwenye aina zenyewe.

Ya kwanza ni zile nzito, unaimimina inashuka taratibu mpaka unachoka kusubiri. Hiyo kwa sehemu kubwa ni polima ya kufanya oili iwe nzito. Inafanya kazi? Ndio, kwa maana ya kwamba mlio utapungua na moshi utapungua, kwa sababu oili nzito haipenyi kirahisi kwenye nafasi zilizolika. Lakini nafasi iko palepale, ringi za pistoni zimelika vilevile, na asubuhi ukiwasha oili inachelewa kufika juu kwenye kamu. Hii kwangu ndio mbaya kuliko zote kwa sababu inatumika kuuzia gari mbovu. Binamu yangu alinunua gari mkononi kwa mtu, injini kimya kabisa, moshi hakuna, tukafurahi wote. Alipomwaga oili mara ya kwanza akaweka oili ya kawaida, wiki haikuisha gari inatoa moshi wa bluu na inagonga. Ile oili iliyotoka ilikuwa inavutika kama gundi. Kwa hiyo ukienda kukagua gari ya kununua chomoa stiki, sugua oili kati ya vidole viwili halafu viachanishe, ikitoa nyuzi ndefu uliza maswali. Na mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika, unataka uikute injini ya baridi.

Ya pili ni zile zinazosema zinapaka injini ndani, zina Tefloni au kitu cha namna hiyo. Hizi hata sitazungumza sana. Kule Marekani Slick 50 ndio ilikuwa maarufu kuliko zote, na tume yao ya biashara ya FTC iliwafungulia shauri 1996 kwa sababu yale madai kwamba inapunguza kulika kwa injini hayakuwa na ushahidi wa kutosha, 1997 wakamalizana kwa makubaliano. Kama kampuni kubwa yenye hela ya kufanya utafiti haikuweza kuthibitisha, kichupa kisicho na hata anwani ya kiwanda kitathibitisha nini.

Ya tatu ndio hiyo niliyosema inasaidia. Ni dawa ya kulainisha sili za mpira. Mpira ukikaa miaka 20 kwenye joto la injini unakauka unakuwa mgumu, haushiki vizuri, oili inapita. Gari yangu ya 110 ilikuwa na tatizo hilo kwenye valvu sili. Dalili zake zilikuwa wazi, asubuhi ukiwasha inatoa wingu la moshi wa bluu halafu inaacha, na safari ya Iringa ukishuka mteremko wa Kitonga na gia, mguu umeutoa kwenye mafuta, ukifika chini ukikanyaga tena moshi unatoka nyuma. Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, tulipima ikawa nzuri silinda zote nne, maana yake ringi zilikuwa hazina neno. Nikaweka ile dawa ya sili, nikapunguza oili kiasi kilekile ili isizidi. Haikufanya kitu siku za mwanzo, mpira unahitaji muda kunywa ile kemikali, lakini baadaye moshi wa asubuhi ulipungua sana na matone chini ya gari yakapungua pia. Haukuisha lakini. Ilininunulia muda wa kutafuta hela, nikabadilisha sili zote 16, na sili zenyewe sio bei, gharama iko kwenye ufundi. Kama unataka njia rahisi zaidi tafuta oili zilizotengenezwa kwa ajili ya gari zenye kilomita nyingi, Valvoline walileta MaxLife mwaka 2000 na kampuni nyingine zikafuata, hizo zina kilainisha sili humohumo na zimepimwa zikiwa nacho.

Sasa angalia, dawa hiyohiyo ukiiweka kwenye gari ambayo ringi zimekwama haifanyi lolote. Zile 1ZZ za mwanzo, kabla pistoni hazijabadilishwa karibu na 2002, zina vitundu vidogo vya kurudishia oili kwenye pistoni, vinaziba kwa masizi, ringi ya oili inakwama, gari inakunywa oili kila siku. Injini za 2AZ-FE za kwenye Camry za 2007 mpaka 2009 na RAV4 za 2006 mpaka 2008 zilikuwa na ugonjwa unaofanana, na kule Marekani Toyota waliongeza muda wa dhamana, gari ikipimwa ikaonekana inakula oili kupita kiasi wanabadilisha pistoni na ringi. Hebu fikiria, kufungua injini nzima ni gharama kubwa sana kwa kampuni, kichupa kingetosha wangegawa vichupa.

Kwa hiyo tafuta kwanza oili inaenda wapi, na hii haihitaji hela nyingi. Osha injini, endesha siku chache, halafu angalia nje. Tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini, ndio inaongoza kuvuja kwenye gari hizi, toa plagi uone kama mashimo yake yana oili, hiyo ni gasketi tu. Angalia swichi ya presha ya oili, angalia pale injini inapokutana na giaboksi. Kama nje ni kavu, toa PCV valvu, ile inayotoa hewa chafu ya ndani ya injini, uitikise sikioni, isipolia ndani imeganda, na ikiganda presha inajaa ndani ya injini inasukuma oili itoke au iungue. Ni kaspea kadogo kabisa na nimeona watu wameambiwa wafanye ovahoo kumbe ni hako. Baada ya hapo ndio upime kompresheni, silinda ikiwa chini mwambie fundi adondoshe oili kidogo ndani apime tena, ikipanda ni ringi, isipopanda angalia valvu au gasketi ya hedi. Na andika, jamani andika, kilomita za siku uliyoweka oili na ulichoongeza, stiki ipime gari ikiwa sehemu tambarare na injini imezimwa dakika kadhaa, maana "inakula oili" bila namba fundi hawezi kukusaidia.

Kuhusu kupandisha uzito, mafundi wetu wengi wanapenda kuandika 20W-50 kwa kila gari iliyochoka. Kwa injini iliyolika kidogo na joto la Dar, kutoka 5W-30 kwenda 10W-40 sioni ubaya, mimi natumia. Lakini 20W-50 kwenye injini ya VVT-i, ambayo inategemea oili ipite kwenye njia nyembamba kusogeza kamu, siipendekezi, na kama unaishi Njombe au Makete na ile baridi yake ndio kabisa usiguse. Bora ile hela ya kichupa uiongeze upate oili halisi kwa wakala anayeeleweka, maana oili feki ipo mtaani na hakuna dawa ya kuirekebisha, na umwage mapema kuliko ulivyozoea.

Zile za kuflashi injini, zinazowekwa kwenye oili ya zamani unaacha injini iunguruke kidogo halafu unamwaga, kwa gari ambayo haikutunzwa naziogopa kweli. Tope lililoganda miaka linabanduka kwa mpigo linaenda kuziba chujio la kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, presha inashuka, beringi zinakufa. Weka oili nzuri na uimwage, mara mbili tatu kwa vipindi vifupi, itasafisha taratibu.

Na kama umeshamimina kitu na huna uhakika nacho, usihangaike kuongeza kingine cha kukirekebisha. Pima stiki, ikiwa imezidi alama ya juu punguza leo hii kabla hujaendesha mbali, halafu mwaga yote na filta mapema, rudi kwenye oili ya kawaida uone injini yako inasema nini yenyewe.