Pilau masala si ya fajita

Dada, umeuliza kama pilau masala inafaa kwenye fajita, ile nyama ya vipande vyembamba ya mtindo wa Meksiko na Marekani inayokaangwa na vitunguu na pilipili hoho. Hapana, haifai. Mdalasini, iliki na karafuu zitakurudisha kwenye pilau. Fajita inataka jira. Kwa nusu kilo ya nyama: jira ya kusaga na paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali) vijiko vidogo viwili viwili, unga wa kitunguu saumu, oregano (majani makavu yenye harufu) na chumvi kimoja kimoja, pilipili manga nusu.

Pilipili kali ya unga weka robo kijiko kidogo tu! Mapishi ya Marekani husema kijiko kikubwa, lakini unga wao wa pilipili umeshachanganywa na jira na saumu. Wetu ni pilipili tupu.

Mimi hununua jira nzima soko la Jubilee hapa Kisumu, naikaanga kavu kwanza, kisha nasaga. Harufu yake ni nyingine kabisa.