Barua kwa mwanangu: kura za walibertari

Mwanangu,

Umeniuliza kama hawa walibertari, wanaotaka kodi ipungue, sheria zipungue na mtu aachiwe maisha yake, wanaweza kushinda uchaguzi kweli, au ni maneno ya vijana wasomi tu. Tena unataka kujua kama ujiunge na chama chao au uingie chama kikubwa ukasukume hoja ukiwa ndani.

Ukihesabu kura za chama chenye jina hilo, utakata tamaa. Chama cha Libertarian cha Marekani kilianzishwa 1971. Mwaka uliofuata mgombea wao wa urais, John Hospers, aliambulia kura zisizofika 4,000 nchi nzima. Cha maana walichopata ni kura moja ya mjumbe (kule rais huchaguliwa rasmi na wajumbe wa majimbo): Roger MacBride wa Virginia, mjumbe wa chama cha Republican aliyetarajiwa kumpigia Rais Nixon, aliwageukia wao. Kwa kura hiyo mgombea mwenza wao, Tonie Nathan, akawa mwanamke wa kwanza Marekani kupata kura ya mjumbe. Kilele chao kilikuwa 2016, Gary Johnson alipopata asilimia 3 na ushee, mwaka ambao mamilioni hawakumtaka Trump wala Clinton. Kama hawakupenya mwaka ule, sijui watapenya lini. Mwaka 2024 hata asilimia 1 hawakufika.

Mfumo unawabana, kweli. Pale ambapo anayeongoza kwa kura ndiye anayechukua kiti, mtu haoni faida ya kumpa kura yake mgombea wa tatu. Lakini mimi naona kikwazo kikubwa zaidi ni mpiga kura mwenyewe. Kila mtu anataka serikali ipunguze matumizi, ila si ya kwake. Mkulima anayelipwa ruzuku anajua tarehe inayoingia na jina la mbunge anayeitetea. Mlipa kodi anayeichangia hajui hata kama ipo. Siku ya kura, nani atajitokeza kwa hasira?

Sasa acha jina, fuata hoja yenyewe. Dick Randolph aliingia bunge la jimbo la Alaska kwa tiketi ya Libertarian mwaka 1978, akapigania kufutwa kwa kodi ya mapato. Mwaka 1980 ikafutwa. (Tusidanganyane, fedha za mafuta ndizo zilizoziba pengo.) Katika majimbo ya Colorado na Washington wananchi walihalalisha bangi kwa kura ya maoni mwaka 2012, na wengi waliopiga kura ya ndiyo hawangekipigia chama hicho hata kwa kuombwa. Mtu akiulizwa jambo moja hukubali. Ukimletea ilani nzima anakimbia.

New Zealand nayo viti hugawanywa kwa uwiano wa kura. Chama cha ACT, kilicho karibu na fikra hizo, kilipata asilimia 8 na ushee mwaka 2023, viti 11, kikaingia serikalini. Asilimia hizohizo Marekani zingekuachia mabango na madeni.

Najua utaniletea Javier Milei, mlibertari aliyeshinda. Ndiyo, huyo alichukua urais wa Argentina 2023 kwa zaidi ya asilimia 55, huku akipunga msumeno wa mashine kwenye mikutano, ishara ya kukata matumizi ya serikali. Lakini tazama alikuta nini: mfumuko wa bei uliopita asilimia 200 mwaka ule, na watu waliochoshwa na vyama vyote. Alipunguza wizara kutoka 18 hadi 9, na mfumuko ukashuka sana. Umaskini ulipanda kwanza, ukapita nusu ya wananchi mapema 2024, kabla ya kupungua. Benki Kuu aliyoapa kuifunga bado ipo. Mimi namhesabu kuwa ameshinda, ila sioni nchi yenye uchumi wa wastani ikimchagua mtu wa namna yake, na mtu mwenye akili haombei nchi yake ifike pale Argentina ilipofika.

Basi, kabla hujachukua kadi ya chama chochote, angalia kura zinahesabiwaje huko. Kama ni kwa uwiano, nenda na chama kidogo bila woga. Kama mwenye nyingi ndiye anayechukua kiti, ingia chama kikubwa na hoja moja, isizidi mbili. Ningekuwa wewe ningeanza na vibali vya biashara ndogo, maana hapo hata wapinzani wako wana ndugu anayesumbuliwa.

Na ile ya bangi uliyoichomeka mwisho wa barua, tutaizungumza baba yako akiwa hayupo.

Mama yako