Mvinyo una chenga chini ya chupa, niumwage?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mdogo wangu anasoma Italia, kaniletea chupa ya mvinyo mweupe: Soave Classico, Calvarino ya Pieropan. Nimezoea ile mitamu ya Dodoma. Huu hauna sukari kabisa, ni mkali kama ndimu, na tangu utoke kwenye friji una chenga nyeupe zinazong'aa chini. Naogopa ni vioo. Mume wangu anasema ni mawe, kwa sababu tumeambiwa zabibu zake zimelimwa kwenye udongo wa volkano. Niumwage?
*Msomaji, Gungu, Kigoma*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimwage hata tone! Chukua chenga mbili tatu, zitie kwenye kijiko cha maji ya moto, ukoroge. Kioo hakiyeyuki, hizo zitayeyuka. Ni chumvi ya asidi ya zabibu yenyewe, hujitenga mvinyo ukipata baridi, na haina madhara. Mimina taratibu tu zibaki chini.

Mwambie mkwe wangu jiwe haliingii kwenye chupa. Vilima vya Soave, mashariki mwa Verona, vina mawe meusi ya volkano za kale, na shamba la Calvarino liko juu ya udongo huo. Watu wengi husema wanaonja jiwe lenyewe, mimi sikubali. Mizizi hainyonyi ladha ya mwamba. Udongo hufanya kazi yake kwa namna unavyoshika maji na kuulisha mzabibu. Na kule huvuna mara moja tu kwa mwaka, si mara mbili kama Dodoma, zabibu zikiiva polepole. Ukali unaouonja ndio uhai wa mvinyo huo.

Jina la shamba limeandikwa kwa sababu zabibu zote ni za hapo. Familia ya Pieropan ilianza kuujaza mvinyo wa shamba hilo chupani peke yake, bila kuuchanganya na mwingine, mwaka 1971, wakati Soave nyingi zilikuwa mchanganyiko wa huku na huku. Ni wa aina mbili za zabibu, Garganega na Trebbiano di Soave, na hukaa kwenye matangi ya saruji, si mapipa ya mbao. Kazi hiyo naiheshimu mno.

Ungekuwa umeharibika, ungenuka siki au boksi lililolowa maji.

Sasa chakula, maana hapo ndipo utaupenda. Nenda mwaloni asubuhi, utafute mgebuka mbichi. Mpasue, chumvi na kitunguu saumu basi, umchome kwenye mkaa mpaka ngozi ikauke na mafuta yaanze kudondoka. Ndimu usiweke; mvinyo utafanya kazi hiyo. Dagaa wa kukaanga nao wanafaa sana. Ila mawese, mwanangu, siku hiyo yaache: nayapenda, lakini yatauzima kabisa.

Utoe kwenye friji robo saa kabla ya kula, barafu usitie ndani ya glasi. Ukibaki, funga vizuri, urudishe kwenye friji, umalize ndani ya siku tatu.