"Uzee husababisha kupooza" au "kuzeeka hupelekea kiharusi"?

SWALI: Mimi ni muuguzi na ninaandaa bango la zahanati yetu. Niliandika: "Uzee wa kibaiolojia husababisha kupooza." Mwenzangu akaifuta, akaandika: "Kuzeeka kibaiolojia hupelekea kiharusi." Ipi ni fasaha?

JIBU: Ndugu muuguzi, mwenzako amekushinda kwa majina, wewe umemshinda kwa kitenzi. Hata hivyo kitenzi chako nacho kinanipa shida, tena kubwa kuliko mengine yote. Tuanze na ugonjwa wenyewe.

Kiharusi ni tukio: damu inashindwa kufika sehemu fulani ya ubongo, ama kwa mshipa kuziba, ama kwa mshipa kupasuka. Kupooza ni hali inayoweza kubaki baada ya hapo. Kwa kuwa nyumbani kinachoonekana ni mkono usionyanyuka, wengi huyafanya maneno haya kuwa kitu kimoja. Lakini mtu anaweza kupata kiharusi asipooze, akapoteza usemi au uoni tu. Vilevile anaweza kupooza bila kiharusi, kwa kuumia uti wa mgongo au kwa polio, ambayo wazazi wengi wanaijua kwa jina la "ugonjwa wa kupooza". Mama aliyeleta mtoto kliniki akiliona neno hilo ukutani, atadhani mnazungumzia chanjo. Andikeni kiharusi.

Na chini yake wekeni maneno ya watu. Simu ya usiku wa manane haisemi "Baba amepata kiharusi". Inasema "Baba ameanguka", "mdomo umepinda", "ulimi umekuwa mzito", "upande mmoja umekufa ganzi". Hayo ndiyo yatakayomfanya mtu akimbize mgonjwa hospitali badala ya kusubiri kupambazuke.

Sasa uzee na kuzeeka. Uzee ni hali, na kwetu ni heshima pia; bosi wa miaka 40 anaitwa mzee na anaitika. Kuzeeka ni mwendo, nao huanza kabla ya mvi ya kwanza. Wanasayansi wanaupima mwendo huo, kwa sababu watu wawili waliozaliwa siku moja hawazeeki sawa. Mwaka 2013 Steve Horvath wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha njia ya kukadiria umri kwa kusoma alama za kikemikali zilizo juu ya DNA. Mwaka 2023 watafiti wa Taasisi ya Karolinska ya Uswidi walitoa matokeo ya watu zaidi ya 325,000 wa Uingereza, waliokuwa na umri wa miaka 40 hadi 70. Walitumia vipimo 18, vikiwemo shinikizo la damu, sukari, mafuta ya damu na nguvu ya mapafu. Wale ambao miili yao ilionekana kuitangulia miaka yao, ndio waliopata viharusi zaidi baadaye.

Kwa hiyo "uzee wa kibaiolojia" hausemi mnachotaka kusema. Mtu wa miaka 45 si mzee, lakini mishipa yake inaweza kuwa imezeeka. Semeni "umri wa mwili" kwa kile kinachopimwa, na "kuzeeka kwa mwili" kwa ule mwendo. Neno baiolojia waachieni walimu wa sekondari. Kwenye bango halimsaidii mtu.

Nije kwenye kitenzi. Kupelekea, kwa asili yake, ni kumpelekea mtu kitu: nampelekea bibi dawa. Kulitumia kwa maana ya kusababisha kumeenea mno redioni na magazetini, nami bado nawashauri wanafunzi wangu waliepuke, maana kusababisha lipo na halina utata. Ila kwenye sentensi yako, husababisha limezidi kipimo. Kiambishi hu- tunakitumia kwa mambo ya kawaida, yanayojirudia: jua huchomoza mashariki, maji huchemka. Ukisema uzee husababisha kiharusi, bibi wa miaka 70 anasoma hukumu yake, na kijana mwenye presha isiyopimwa anajiona hayumo. Wote wawili mmewapotosha kwa Kiswahili kisicho na kosa la sarufi.

Ni kweli kwamba umri una uzito. Baada ya miaka 55, uwezekano wa kiharusi unakaribia kuongezeka maradufu kwa kila miaka 10. Lakini umri hautoshi kueleza kila kitu, na ushahidi upo hapa hapa Tanzania. Utafiti uliofanyika Hai, wilaya ya mkoa wa Kilimanjaro, na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, ukachapishwa 2010, ulihesabu viharusi vipya kwa mwaka. Tofauti za umri zilipokwisha kusawazishwa, Hai ilikuwa na takriban 109 kwa kila watu 100,000, na Dar es Salaam takriban 316. Kama miaka ingekuwa ndiyo sababu pekee, namba hizo zingekaribiana.

Hivyo mnahitaji "huongeza uwezekano wa". Na pale utafiti ulipoona tu mambo mawili yakienda pamoja, kama ule wa Karolinska, kitenzi cha haki ni huambatana, ambacho waandishi wa habari za afya wanakisahau sana.

Tahadhari moja nyingine, kwa kuwa mabango hupenda misemo: msiandike "waliokula chumvi nyingi" mkimaanisha wenye umri mkubwa. Ni msemo mzuri, naupenda, lakini chumvi nyingi hupandisha presha, na presha ndiyo inayoongoza kwa kuleta kiharusi. Atakayeusoma neno kwa neno hatakuwa na kosa.

Mimi ningeandika hivi: "Mwili ukizeeka kuliko miaka yake, uwezekano wa kupata kiharusi huongezeka. Pima presha." Hapa hu- imekaa mahali pake, kwa sababu kinachojirudia ni kuongezeka kwa uwezekano, si kiharusi chenyewe. Andikeni "presha" bila woga. Shinikizo la damu ni sahihi na linafaa kwenye ripoti, lakini wagonjwa wenu wakifika dirishani wanaomba kupimwa presha.