Jibu: Nyumbani, getini na kwenye tangi la kilimani, ruta moja haitoshi

Mkuu, nimesoma swali lako na ushauri uliopewa. Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa ana nyumba, anataka kamera ikae getini mita 300 kutoka nyumbani, na ana tangi la maji kilimani, kilomita 4, anataka kujua maji yamebaki kiasi gani bila kupanda huko kila mara. Ameambiwa anunue ruta kubwa yenye antena nane na kifaa cha kuongeza nguvu, mtandao utaenea kote. Kufunga mitandao ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo nakuomba usitoe hela bado.

Tatizo la ushauri ule ni kwamba Wi-Fi inahitaji pande zote mbili zisikilizane. Ukiongeza nguvu upande wa ruta tu, unakuwa kama mwenye kipaza sauti anayeongea na mtu asiye nacho: kamera itaisikia ruta vizuri, alama za mtandao zitajaa, lakini majibu yake hayafiki. Wengi huona alama zimejaa na intaneti haifunguki, wakadhani kampuni ya intaneti ndiyo mbovu. Halafu kuna sheria. Ulaya, kwa mfano, kwenye masafa ya gigahezi 2.4 nguvu ya kutuma mwisho ni miliwati 100, na hapo uwezo wa antena umeshahesabiwa ndani. Kila nchi ina mamlaka yake ya mawasiliano yenye viwango vyake, angalia vya kwako.

Hata bila sheria, hesabu yenyewe inakukataa. Kwenye uwazi, umbali ukiongezeka maradufu nguvu inayopokelewa inabaki robo. Kutoka mita 30 hadi mita 300 imebaki moja ya mia. Kutoka mita 30 hadi kilomita 4 imepungua zaidi ya mara 17,000. Pengo hilo huwezi kulijaza kwa antena nane za fito.

Ninachomwambia kila mteja ni hiki: kuna umbali, kuna kasi, na kuna matumizi ya umeme. Ukitaka viwili kwa wingi, cha tatu utakilipia. Simu ya mnara inakupa umbali na kasi, lakini mnara unakula umeme mwingi. Sensa ya LoRa, redio ya kutuma ujumbe mfupi mbali, inakupa umbali kwa betri ndogo, ila kasi yake ni ya kinyonga. Bluetooth inabana umeme, ila inabaki karibu. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza kifaa kipi kina nguvu. Uliza kinachotumwa ni kikubwa kiasi gani, kinakwenda umbali gani, na huko kuna umeme au betri.

Ndani ya nyumba sina mengi. NFC ni ya sentimita chache, kwa kadi na malipo ya simu. Bluetooth ya kawaida ni ya kama mita 10. Hiyo Bluetooth 5 uliyoona imeandikwa inafika mamia ya mita, ni kweli ina hali ya masafa marefu, lakini kasi inashuka hadi kilobiti 125 kwa sekunde na lazima vifaa vyote viwili viwe nayo, na si simu zote zinayo. Taa na swichi janja nyingi hutumia Zigbee, ambapo kila kifaa kilichochomekwa kwenye umeme kinapokea ujumbe wa mwenzake na kuupeleka mbele, ndiyo maana nyumba kubwa inafunikwa kwa nguvu kidogo sana.

Hivyo vitatu, yaani Bluetooth, Zigbee na Wi-Fi ya zamani, vyote vinagombania gigahezi 2.4. Hapo Wi-Fi ina chaneli tatu tu ambazo haziingiliani, yaani 1, 6 na 11. Ruta ikiwa chaneli 3 inawasumbua wa 1 na wa 6 kwa pamoja, na yenyewe haipati amani. Oveni ya maikrowevu nayo inafanya kazi hapo hapo. Hata kebo ya diski ya USB 3 inavujisha kelele kwenye masafa hayo. Nimeshaona kipanya kisicho na waya kikigandaganda mezani, na dawa ikawa kuhamisha kipokezi chake mbali na diski, basi. Kwa hiyo kompyuta na televisheni zipeleke gigahezi 5, na 2.4 uwaachie vifaa vidogo.

Sasa getini. Kamera inayotuma video safi inataka kama megabiti 2 hadi 4 kwa sekunde, muda wote. Hii ni kazi ya Wi-Fi, lakini siyo Wi-Fi ya kumwaga mawimbi pande zote. Funga vifaa viwili vya antena za kuelekeza, gigahezi 5, kimoja kwenye paa la nyumba na kingine kwenye nguzo ya geti, vitazamane. Antena ya namna hii haitengenezi nguvu mpya, inakusanya ile ile iliyopo na kuipeleka upande mmoja, na upande huo huo ndio inaosikiliza vizuri zaidi. Yaani inasaidia kutuma na kupokea kwa pamoja, kitu ambacho kiongeza nguvu cha upande mmoja hakiwezi. Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake kule Venezuela waliunganisha vilele viwili vya milima kwa Wi-Fi, kilomita 382. Walikuwa na antena za kuelekeza, mwinuko usio na kizuizi, na programu iliyorekebishwa, kwa sababu Wi-Fi ya kawaida hungoja uthibitisho kwa muda mfupi mno na huona ujumbe umepotea kumbe bado uko njiani. Mita 300 zako ni kazi nyepesi.

Ila sikiliza hapa, maana ndipo wengi wanapoharibikiwa. Kuliona geti kwa macho hakutoshi. Mawimbi hayapiti kwenye uzi mwembamba, yanahitaji nafasi pembeni, na nafasi hiyo ni pana zaidi katikati ya safari. Kwa mita 300 na gigahezi 5.8, katikati unahitaji kama mita 2 kila upande wa mstari: juu, chini, kushoto na kulia. Ukuta au paa la banda likiingia humo, unapoteza kasi huku antena zinaonana vizuri kabisa. Na miti! Niliwahi kuitwa kwenye kiungo kilichofanya kazi safi tangu kilipofungwa, kikaanza kukatika mvua zilipoanza. Kila mtu alikuwa anakagua vifaa. Antena zilifungwa wakati mti wa katikati hauna majani, sasa umestawi, na majani mabichi ni maji matupu, yanameza mawimbi ya gigahezi 5. Tulipandisha nguzo, kikatulia. Ukipima njia yako, pima kwa mti utakavyokuwa msimu wa majani.

Kuna pia Wi-Fi iitwayo HaLow, inatumia masafa ya chini ya gigahezi 1 na imelenga kufika karibu kilomita 1. Naipenda kwa kazi kama hii, inapita majani vizuri zaidi, lakini vifaa vyake bado si vingi. Na kama unachimba mtaro wa maji au wa umeme kuelekea getini, laza fiber, yaani kebo ya nyuzi za kioo, humo humo. Kebo ya shaba ya mtandao inaishia mita 100, fiber haina shida hiyo wala haijali mti.

Tangi ndilo linalonifurahisha zaidi, kwa sababu hapo kila mtu anafikiria kasi wakati hakuna kinachohitaji kasi. Kiwango cha maji ni namba moja. Baiti mbili zinatosha, kila nusu saa. Hiyo ni kazi ya LoRa, teknolojia iliyozaliwa Ufaransa katika kampuni ya Cycleo, ikanunuliwa na Semtech mwaka 2012. Inatumia megahezi 868 Ulaya na 915 Marekani, kwa hiyo hakikisha unanunua ya masafa yanayoruhusiwa kwenu. Badala ya kutuma kwenye masafa yaliyosimama, kila alama inatelezeshwa kutoka masafa ya chini kwenda ya juu, na kipokezi kinachojua mtelezo huo kinaitambua hata ikiwa dhaifu kuliko kelele iliyoizunguka. Mjini inafika kilomita chache, sehemu ya wazi inazidi 10.

Gharama yake ni muda. Ina ngazi kutoka 7 hadi 12, na kila ukipanda ngazi ujumbe ule ule unakaa hewani karibu maradufu. Ngazi ya 12 ni kama biti 250 kwa sekunde, ujumbe mfupi unachukua sekunde moja na nusu hivi. Ulaya kwenye chaneli nyingi unaruhusiwa kutumia hewa asilimia 1 tu ya muda, kwa hiyo baada ya ujumbe huo unanyamaza karibu dakika mbili na nusu. Kwa tangi hiyo si kitu, na sensa inalala muda wote uliobaki, ndiyo maana betri yake inadumu miaka. Kwa picha usijaribu: ya kilobaiti 100 kwenye ngazi hiyo ingetaka karibu saa nzima hata kama sheria isingekuwepo.

Kama mnara wa simu unafika kilimani, NB-IoT, yaani mtandao wa simu uliotengenezwa kwa sensa ndogo, ni njia nyingine nzuri, hulazimiki kuwa na kituo chako cha kupokelea, ila utalipia laini. Usinunue moduli ya 2G au 3G pekee bila kuuliza, nchi kadhaa zimeshazima mitandao hiyo. Setilaiti iache. Ile iliyo juu kilomita 35,786 inachelewesha majibu zaidi ya nusu sekunde, na hizi za karibu, za kama kilomita 550, zina kasi nzuri lakini sahani yake inakula umeme mwingi mno kwa namba moja ya maji.

Kwa hiyo mkuu, kabla ya kununua chochote panda hadi kwenye tangi uangalie kama paa la nyumba linaonekana kutoka juu yake. Likionekana, kituo kimoja cha LoRa kwenye paa kinatosha. Kama kuna kilima katikati, piga picha ya njia nzima uiweke hapa, tutafute sehemu ya kukiweka.