Stima ilirudi, kompyuta ikagoma: hesabu za chama zi salama?

SWALI: Fundi, hujambo? Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama hapa Umoja, Nairobi. Kompyuta yangu ni ya mezani, ile nyembamba, niliinunua Moi Avenue ikiwa imeshatumika ng'ambo. Juzi usiku stima ilipotea, ikarudi, ikapotea tena papo hapo. Tangu hapo nikibonyeza kitufe haiitiki kabisa: hakuna taa, feni haizunguki, wala hailii. Kijana wa mtaani ameitazama akasema madabodi, ile bodi kuu ya ndani, imeungua, nimwachie aibadilishe na kuweka Windows mpya. Michango na mikopo ya wanachama wote imo humo. Nimwachie?
Mweka hazina, Umoja

JIBU: Sijambo, mama, na pole sana. Usimwachie. Au ukimwachia, toa diski kwanza ubaki nayo nyumbani.

Hesabu zako hazikai kwenye madabodi. Zimo ndani ya diski, na diski ni kifaa cha peke yake, kinachochomolewa. Windows nayo imo humo humo kwenye diski. Kompyuta huwasha taa na kuzungusha feni kabla haijaanza kusoma diski hata kidogo, kwa hiyo mashine isiyo na taa wala feni haiwezi kuponywa na Windows mpya. Anayekuambia hivyo anabahatisha, na mara nyingi kuweka Windows mpya ni kufuta kilichokuwemo. Hilo ndilo linalonitia hofu, kuliko hata madabodi.

Sasa tuanze na yasiyo na gharama. Chaji simu kwenye soketi hiyo hiyo. Ikiingiza chaji, achana na ekstensheni na kile kifaa cha kulinda stima, uchomeke kompyuta moja kwa moja ukutani. Kamba ya monita kwa kawaida ni sawa na ya kompyuta, zibadilishane. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani, na fyuzi ikikatika kamba huonekana nzima kabisa.

Bado? Chomoa kamba ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha ukishikilie kwa nusu dakika, kisha uchomeke tena. Stima ikirudi kwa mkupuo, pawasaplai nyingine (pawasaplai ni lile boksi la chuma ambamo kamba inaingia) hujifungia ili kujilinda, na umeme uliobakia ndani ukiisha huamka. Nimeona mashine zilizokwisha kuitwa maiti zikiwaka kwa hilo tu.

Ikikataa, mimi ningeishuku pawasaplai kabla ya madabodi, maana ndiyo inayopokea stima kwanza. Tazama nyuma, karibu na tundu la kamba: nyingi za mashine nyembamba zina taa ndogo ya kijani. Kama haiwaki, fungua kifuniko cha kompyuta, stima ikiwa imechomolewa, utoe nyaya zote zinazotoka kwenye boksi hilo kwenda kwingine, kisha uchomeke stima bila kugusa kitu ndani. Taa ikiwaka sasa, pawasaplai ni nzima na kuna kinachoivuta chini, huenda ni madabodi kweli. Taa ikibaki giza, pawasaplai imekufa. Boksi lenyewe usilifungue kamwe, mama. Ndani yake umeme hubaki hata baada ya kuchomoa, na unaua.

Diski utaitambua kwa nyaya mbili bapa, mmoja mpana wa stima na mmoja mwembamba wa data. Zivute kwa kushika vichwa vyake. Kisha tafuta kesi ya diski ya USB, yaani kasha la kutilia diski ili ichomekwe kama flashi, uisome kwenye laptopu ya mtu unayemwamini. Diski ikiwa kubwa, ya inchi 3.5, kesi lazima iwe na adapta yake ya stima, kwani USB peke yake haiitoshi. Ya inchi 2.5 haihitaji. Nakili faili za chama kwenye flashi mbili, moja akae nayo katibu. Fanya hivyo kabla ya kushughulikia mashine yenyewe. Mashine inanunulika, kumbukumbu ya nani alilipa na nani anadaiwa hainunuliki, na akina mama wanaweza kugombana vibaya kwa ajili yake.

Ukienda kununua pawasaplai, usitaje kompyuta kwa mdomo tu. Mashine nyembamba za Dell na HP zina pawasaplai za umbo lake, na plagi zake za ndani mara nyingi haziingiliani na za kawaida. Fungua skrubu, beba ile ya zamani mkononi pamoja na namba ya modeli iliyobandikwa kwenye kasha. Luthuli Avenue na Moi Avenue utapata zilizotumika. Ukiweza, beba na kompyuta yenyewe bila diski, muuzaji aiweke pawasaplai humo na kuiwasha kompyuta mbele yako kabla hujalipa.