Maswali ya wasomaji: Jua linawaka Mambrui na mto umefurika, tupime nini?

Safari hii barua nyingi zimekuja za maji, za mto na za mvua, nimezichukua nne nizijibu pamoja manake zinashikana.

Mwalimu shikamoo. Sisi tunalima kando ya mto Sabaki upande wa Mambrui, mahindi, migomba na mboga kidogo. Kinachotuumiza ni kwamba huku jua linaweza kuwaka wiki nzima, hakuna hata wingu, alafu unaamka asubuhi mto umekuja juu, mwekundu, umebeba miti na maji yashaingia shambani. Ile Novemba ya 2023 mvua ilikuwa kila mahali, hiyo naielewa, lakini haya mafuriko ya jua ndo yananishinda. Nasikia kuna watu wanapima mito na mvua wanaandika. Sisi wakulima twaweza kupima wenyewe? Na itatusaidia nini kama mvua yenyewe hainyeshi kwetu? (Mkulima, Mambrui)

Marahaba. Naanza na hilo la mwisho manake ndo lenye kila kitu ndani yake. Sabaki unaouona hapo ni mkia tu wa mto. Maji yake yanaanzia huko juu, mito inayopita Nairobi yote inamwagika kwenye Athi, Athi inashuka Fourteen Falls, inazunguka Ukambani, inaingia Tsavo, pale inakutana na mto Tsavo unaokuja na maji ya Kilimanjaro na chemchemi za Mzima, wakishakutana ndo inaitwa Galana, inapita Lugard Falls na kuendelea mpaka inafika kwetu ikiitwa Sabaki. Bonde lote hilo ni karibu kilomita za mraba 70,000. Kaunti nzima ya Kilifi ni kama 12,600. Sasa wewe ukipima mvua ya Mambrui peke yake na kutegemea ikuambie mto utafanya nini, umepima kipande kidogo sana cha kile kinacholeta maji. Mvua iliyokuletea mafuriko ilinyesha Machakos au Kiambu siku kadhaa nyuma, na hizo siku kadhaa ndo mali yako, zinatosha kuhamisha mbuzi, pampu na mahindi yaliyokauka, kama kuna mtu huko juu alipima na akasema.

Kwa hivo kitu cha kwanza kabla ya chombo chochote ni kujua watu wa juu yenu. Kuna Mamlaka ya Rasilimali za Maji, hawa ndo wenye vituo rasmi vya kupima mito nchi nzima, na kwa hesabu yao bonde la Athi ni eneo namba 3. Kuna pia vyama vya watumiaji maji vya kila mto mdogo, hivo viko kisheria. Mukiunda grupu moja ya watsap, mtu wa Baricho ndani, mtu wa huko juu zaidi ndani, kila mmoja anatuma namba asubuhi, nyinyi wa Mambrui muna onyo ambalo hakuna king'ora kinaweza kuwapa. Lakini awe anatuma NAMBA. "Mto umejaa" haisaidii, kila mtu ana kujaa kwake. Akisema jana mita 1.40, leo asubuhi mita 2.10, saa sita mita 2.65, hapo unajua unapanda na unajua unapanda kwa kasi gani.

Sasa kupima kwenu wenyewe. Mpango ni rula kubwa tu iliyosimama ndani ya mto, watu wa kazi hii wanaiita geji. Ubao au chuma imara, imepigwa rangi alama kila sentimita, namba kubwa za kuonekana kutoka ukingoni. Sifuri yake iwe chini ya maji ya kiangazi kikali, msije mkaanza kuandika namba za kutoa. Kabla ya kuiweka mkaongee na chifu na watu wa Mamlaka, mto si wa mtu mmoja. Mahali pake nitalisema kwa nguvu manake watu wa pwani hapa ndo tunateleza: msiweke karibu na mdomo wa mto. Pale bahari inaingia na kutoka, siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu bahari ikijaa sana, maji yanapanda na kushuka mita tatu na zaidi, geji yako itakuwa inapima mwezi wala sio mvua ya Ukambani. Pandeni juu mpaka pale ambapo maji kupwa na maji kujaa hayaleti tofauti yoyote, hakikisheni kwa kukaa siku nzima ya bamvua mkiangalia. Alafu iwe sehemu mto umenyooka, mbali na nguzo za daraja, ukingo mgumu.

Na kuna jambo linasahaulika sana. Geji itakuja kung'olewa, mto huu hauachi kitu. Kwa hivo mkiiweka tu, chagueni kitu ambacho hakitasogea, jiwe kubwa lililojengewa simiti au kona ya ukuta imara, muandike kile kitu kiko juu ya sifuri ya geji kwa mita ngapi na sentimita ngapi. Fundi wa kujenga anaweza kuwapimia kwa ule mpira wa maji wa kupatia levo. Geji ikienda na mafuriko, mnaweka nyengine kwa urefu ule ule, na namba za miaka yote zinaendelea kulingana. Bila hivo kila geji mpya ni hadithi mpya, na namba za mwaka juzi huwezi kuziweka kando ya za mwaka huu ukasema lolote.

Kusoma ni mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, mto ukianza kupanda muende kila saa. Someni mkiwa ukingoni. Pale kuna viboko na kuna mamba, hakuna namba ya maji inayostahili mguu wa mtu.

Hiyo inakupa kina. Ukitaka kujua maji mangapi hasa yanapita, unahitaji upana, kina na kasi. Wataalamu wana mashini yenye pangaboi dogo inayozamishwa, lakini njia ya kienyeji ipo na inakubalika ukiifanya kwa uangalifu, nayo fanyeni kiangazi tu, mahali pa kina kifupi mnapopajua, au mkiwa ndani ya mashua. Nyosha kamba kuvuka mto, pima kina kila baada ya mita mbili tatu manake chini hapako sawa, upate eneo la maji. Alafu weka alama mbili ukingoni umbali wa mita 20, tupa chungwa katikati, shika saa. Chungwa ni zuri sababu linazama karibu lote, upepo wa kusi hauwezi kulisukuma. Tuseme upana ni mita 30, kina cha wastani sentimita 60, eneo ni mita za mraba 18. Chungwa limetumia sekunde 40, yaani nusu mita kwa sekunde. Lakini maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini yanayokwaruza mchanga, kwa hivo zidisha na 0.85, unapata 0.425. Mara 18 ni 7.65. Yaani mita za ujazo 7.65, au lita 7,650, zinapita kila sekunde. Rudieni chungwa mara nyingi na sehemu tofauti za upana, sio katikati tu.

Fanyeni hivo geji ikiwa na namba tofauti tofauti, kila namba muandike na maji yake, mchore kwenye karatasi ya grafu, mkishapata mstari mzuri basi kuanzia hapo mtu anasoma geji tu na mchoro unamwambia lita. Ila Sabaki ni mto wa mchanga, mafuriko yakipita chini pamehama, pengine pamechimbika nusu mita, mchoro wa zamani unadanganya. Kila baada ya mafuriko makubwa pimeni upya. Na msiuvute ule mstari mpaka kwenye kina ambacho hamjawahi kupima mkaamini kinachotoka.

Mwalimu, mimi ni mwalimu wa msingi hapa karibu na Gede. Tumeanza klabu ya mvua na watoto, tumeweka mikebe miwili, mmoja karibu na ofisi na mwengine uwanjani, na kila siku inatofautiana. Siku moja mmoja ulikuwa na milimita 22 na mwengine 31. Mkebe gani ni sahihi? Na wikendi shule ikifungwa tunafanyaje? (Mwalimu wa klabu, Gede)

Mwalimu mwenzangu, hongera, na hongera zaidi kwa kuweka miwili, manake ungeweka mmoja usingejua kama kuna tatizo.

Nadhani ule wa ofisini ndo una kidogo, ukuta na paa vinaukinga. Au una nyingi, kama paa linaudondoshea. Sheria ni rahisi, kitu chochote kiwe mbali na mkebe mara mbili ya urefu wake, mnazi wa mita 10 uwe mita 20 mbali. Mdomo wa mkebe uwe kama sentimita 30 kutoka chini, ardhini kuwe na nyasi fupi, sio simiti ya kurusha matone. Na uwe umesimama wima kabisa, siku za kusi mvua inakuja mshazari na mkebe ulioinama unapokea isiyo yake.

Mkebe wenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako sawa, unapima kwa rula tu, upana wake hauna neno. Mkitumia faneli na chupa, hapo lazima hesabu: mdomo wa faneli wa duara, sentimita 20 kutoka ukingo hadi ukingo, una eneo la sentimita za mraba 314, kwa hivo mililita 314 ndani ya chupa ni milimita 10 za mvua. Hii chupa na faneli naipenda kuliko mkebe wazi sababu jua halinyonyi maji kabla hamjasoma.

Someni saa tatu asubuhi kila siku, ndo saa ya vituo vya hali ya hewa Kenya, namba zenu zitalingana na za kituo cha pale uwanja wa ndege wa Malindi. Msipende kusoma ile saa mvua imekatika.

Wikendi sasa. Ijumaa asubuhi mumesoma, Jumatatu mkikuta milimita 36, andikeni 36 kwenye Jumatatu na kando yake "jumla ya siku 3". Msigawe kumi na mbili kumi na mbili, mtakuwa mmetunga mvua ambayo haikunyesha. Na hapa niseme kitu ambacho kwangu ni kikubwa kuliko vyombo vyote. Siku haikunyesha andikeni 0. Siku hakuna aliyesoma acheni mstari na muandike "haikusomwa". Hivi ni vitu viwili mbali kabisa. Mwenye duka akiacha ukurasa mtupu huwezi kujua hakuuza au hakuandika, na mvua ni hivo hivo, mtu akija baada ya miaka kumi kuangalia ukame ulikuwa wa siku ngapi, kila mahali patupu panamuharibia hesabu. Zile rasharasha ambazo hazifiki hata nusu milimita andikeni "matone", msiziruke. Na penseli, mwalimu, wino unayeyuka daftari likilowa. Mtoto akikosea apige mstari mmoja aandike kando, asifute, namba ya kwanza ibaki inasomeka.

Assalam aleikum mwalimu. Sisi tuko Siyu, kisiwa cha Pate, hatuna mto. Twategemea jabia na visima, na visima vingine vina chumvi. Je haya mambo ya kupima mvua yatuhusu? Jabia yetu siku hizi haijai kama zamani na wazee wasema mvua imepungua. (Msomaji, Siyu)

Waaleikum salaam ndugu yangu. Yawahusu sana. Lile sakafu la jabia linalokusanya maji ya mvua na kuyapeleka shimoni ni bonde la mto kamili, tofauti ni kwamba wewe waweza kulipima lote kwa futi kamba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, haina kona.

Tuseme sakafu ni mita 12 kwa 15, yaani 180. Ikinyesha milimita 25 ni lita 4,500. Kuna inayolowesha sakafu, inayoruka, inayokauka, tuhesabu asilimia 80 inafika shimoni, lita 3,600. Kama shimo ni mita 4 kwa 3, hizo lita zapandisha maji sentimita 30. Sasa weka kipimo cha mvua pale pale na ujiti wenye alama ndani ya jabia, soma kabla na baada ya mvua. Kipimo kikisema 25 na ujiti ukipanda sentimita 18 tu, mvua haina makosa, tafuteni ufa kwenye sakafu au mlango wa maji umeziba kwa majani. Ukipanda 30 na bado jabia haijai mwaka mzima, hapo wazee wana haki, au watu wamezidi. Someni ujiti kila jioni pia kiangazi, hesabuni ndoo zinazotoka, maji yakishuka kuliko ndoo basi shimo lavuja.

Visima navyo vipimeni, kamba yenye alama na jiwe, mara moja kwa wiki asubuhi kabla watu hawajaanza kuteka. Maji matamu ya visiwani yamekaa juu ya maji ya chumvi, hata ule mchanga wa Shela unaonywesha mji wa Lamu ni hivo hivo, mvua inaingia mchangani na kukaa. Kina cha maji kikianza kushuka wiki baada ya wiki punguzeni kuteka mapema, chumvi ikishaingia kuiondoa ni kazi ndefu.

Kuna setilaiti na app za hali ya hewa, kwani bado kuna haja ya kwenda mtoni na rula? (Kijana, Malindi mjini)

Haja ipo. Setilaiti za mvua zinasaidia sana, mradi wa GPM wa Marekani na Japani uko angani tangu 2014 na unatoa makadirio kila nusu saa, lakini kwa vipande vya kama kilomita 11 kwa 11, na wewe wajua Malindi inaweza kunyesha Maweni na barabarani pakavu. Alafu hao wenye setilaiti hesabu zao wanazisahihisha kwa vipimo vya ardhini. Na kina cha Sabaki leo asubuhi hakuna app itakusomea kama hakuna geji.

Kama uko vizuri na kompyuta kazi yako iko pale Gede kwa huyo mwalimu. Kila mwisho wa mwezi piga picha daftari lao ukurasa kwa ukurasa, ingiza kwenye eksel jinsi ilivoandikwa, usisahihishe namba inayokushangaza, iwekee alama tu na umuulize aliyeisoma, alafu hizo picha ziweke mahali pawili, simu zinaibiwa.